Maotea: Miche Ambayo Hatukuipanda

MWALIMU JUMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu, katika kipindi cha bustani ya nyumbani. Mimi ni Mwalimu Juma wa Uthiru, hapa Nairobi, ambako mvua ya vuli ilianza wiki iliyopita, na tangu siku ile udongo wangu mwekundu umejaa miche ambayo mkono wangu haukuipanda.

AKINYI: Shikamoo, Mwalimu. Nami ni Akinyi wa Embakasi, mwenye kiwanja cha hatua kumi kwa sita nyuma ya nyumba, ambamo mawaridi, sukuma wiki, dania na nyanya vinaishi pamoja bila mistari.

MWALIMU JUMA: Marahaba, binti yangu. Huko Uingereza bustani za namna hiyo, zenye mboga, mitishamba na maua katika kiwanja kimoja, zilikuwa za nyumba ndogo za mashambani, na Gertrude Jekyll, mbunifu wa bustani wa Kiingereza aliyeishi kuanzia 1843 hadi 1932, ni miongoni mwa waliozifanya zipendwe hata na wenye nafasi kubwa. Bibi zetu nao walichanganya kunde, maboga na mahindi katika shamba moja, na terere, yaani mchicha, ilipojiotea katikati, waliichuma ikawa kitoweo. Leo ningependa tuzungumzie hayo maotea, kwa sababu ndiyo yanayonipa furaha kubwa kuliko chochote nilichonunua kitaluni.

AKINYI: Ndiyo pia yanayonipa wasiwasi, Mwalimu, maana kila asubuhi ninachuchumaa na kujiuliza kipi ning'oe na kipi nikiache.

MWALIMU JUMA: Tuanze na terere. Mbegu yake ni nyeusi, inang'aa, ndogo kuliko kichwa cha pini, na mmea mmoja uliokomaa hudondosha maelfu. Mbegu hizo hulala udongoni hadi siku unapotifua, zikaletwa juu penye mwanga, mvua ikashuka, zikaamka zote kwa pamoja. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba amelima vizuri na bado magugu yamejaa, mara nyingi ameziamsha mwenyewe kwa jembe lake.

AKINYI: Kwetu Embakasi kuna jambo jingine. Udongo wetu mweusi hupasuka wakati wa kiangazi, nyufa zikawa pana kiasi cha kuingiza mkono, na mbegu zinazotumbukia humo hufukiwa mvua inaponyesha na udongo kuvimba. Nimewahi kuona managu, yaani mnavu, ikichomoza ikiwa imepangana sawasawa kufuata ufa wa mwezi wa tisa, utadhani mtu aliipanda kwa kamba.

MWALIMU JUMA: Hebu tueleze yaliyokupata kuhusu hiyo managu.

AKINYI: Nilikuwa nimesafiri majuma matatu. Niliporudi nilikuta managu imestawi, ile mama yangu anayoiita osuga, na katikati yake miche mitano yenye majani mapana zaidi. Nilifurahi, nikadhani ni ile aina ya majani makubwa. Mama alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Siaya. Aliinama, akachuma jani moja, akalisugua kati ya vidole na kuninusisha. Harufu ilikuwa nzito, ya kuchefua. Kisha akanionyesha ukingo wa jani, ulivyokatikakatika kwa meno makubwa yasiyolingana. Ilikuwa mnanaha. Nilikuwa nimeshika sufuria mkononi, Mwalimu.

MWALIMU JUMA: Mungu alikuhurumia. Wasikilizaji, managu na mnanaha ni wa ukoo mmoja, pamoja na nyanya na viazi, na ndiyo maana vikiwa vichanga vinaweza kumchanganya mtu. Mnanaha una sumu katika kila sehemu, hasa mbegu, humfanya mtu aweweseke na moyo kwenda mbio, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Ua la managu ni dogo, jeupe, mfano wa nyota yenye kitovu cha manjano, ilhali ua la mnanaha ni kubwa kama tarumbeta na tunda lake lina miiba. Ikiwa hujaona ua na hujui mmea, usiuchume.

AKINYI: Tangu siku hiyo ninasugua jani kabla ya kuamua lolote.

MWALIMU JUMA: Hasara yangu ilikuwa kinyume na yako. Nilimwita kijana wa kibarua apalilie, nikaenda kanisani, na niliporudi kiwanja kilikuwa kimefagiliwa safi, terere, bizari na maua ya nasturtiamu yote yamelundikwa langoni. Sikumlaumu, kwa sababu alifanya kazi kwa bidii nami sikuwa nimemwonyesha chochote. Lakini niliumia sana, maana nasturtiamu ndiyo iliyokuwa ikivuta vidukari mbali na sukuma wiki, na ndani ya wiki mbili sukuma ilikuwa imejikunja.

AKINYI: Pole sana. Kuna faida nyingine ya maotea kwa sisi tunaopata maji ya mfereji siku mbili kwa juma. Mche uliojiotea haujawahi kung'olewa, mzizi wake umeshuka moja kwa moja bila kukatwa, na huvumilia hata ninapoubakizia maji ya kuoshea mboga tu, ilhali ule niliouhamisha unanyauka jirani yake.

MWALIMU JUMA: Na ule mpapai wa njiani?

AKINYI: Bado upo. Uliota kutoka kwenye mboji, katikati kabisa ya njia ya kwenda kwenye kamba za nguo, na mume wangu amepita ubavuubavu na beseni mwaka mzima akiniuliza nitaukata lini. Nimekuwa nikimwomba asubiri maua, kwa kuwa yakining'inia kwenye vikonyo virefu ni dume, hakuna papai, na yakishikana na shina kuna matumaini.

MWALIMU JUMA: Na baridi ya Nairobi hauipendi, ndiyo sababu umechelewa.

AKINYI: Jana jioni nilipokuwa nikianua nguo niliona vitumba viwili, vyeupe, vikubwa kama ncha ya kidole, vimeshikana kabisa na shina. Nilimwita, akaja na taa. Leo asubuhi nimemkuta akihamisha kamba za nguo upande wa pili.