Jinsi ya kufanya utafiti wa soko kwa dodoso la mtandaoni bila kuvunja kibubu

Haya jamani karibuni tena, leo nakuonesha namna ya kuwauliza wateja wanataka nini kabla hujatumbukiza hela kwenye bidhaa. Unahitaji simu au kompyuta na akaunti ya Google, basi. Tuseme unataka kuuza mabegi ya mgongoni ya kubebea laptop, huo ndo mfano wetu.

Kabla hujafungua chochote shika kalamu uandike majibu yatakusaidia kuamua nini, mfano utumie kitambaa au ngozi. Swali ambalo jibu lake halibadilishi uamuzi wako litoe, usiulize umri wa mtu eti kwa sababu madodoso yote yanauliza umri.

Sawa, fungua Google Forms, ile huduma ya Google ya kutengeneza madodoso, chagua fomu tupu kama unavyoona hapo, weka kichwa cha habari, halafu chini yake sema we ni nani na kujaza kutachukua dakika ngapi, na usidanganye, ukisema tatu ziwe tatu kweli, maana mtu akifika ya nane anafunga na ndo umempoteza.

Swali la kwanza liwe la kuchuja: "Ndani ya miezi 12 iliyopita umenunua begi la laptop?" Ongeza sehemu nyingine za fomu, kisha rudi kwenye hilo swali ubonyeze zile nukta tatu chini kulia, uchague ile ya kumpeleka mtu sehemu tofauti kulingana na jibu lake. Aliyesema hapana anaenda mwisho, unamshukuru, yameisha.

Sasa maswali yenyewe, hapa ndo tunaharibu wengi na mimi nimo. Mara ya kwanza niliuliza "Ungependa kununua begi zuri, imara na la bei nafuu?" Loh, karibu wote wakasema ndiyo, nikatengeneza mzigo, ukanidodea ndani. Nani atakataa kitu kizuri cha bei nafuu? Tena swali moja limebeba mambo matatu, mtu akijibu ndiyo hujui kakubali lipi. Kwa hiyo we uliza alichokwisha kufanya, siyo atakachofanya: begi la mwisho ulinunua lini, ulilipa shingapi, kitu gani kwenye hilo begi kinakuudhi. Hilo la mwisho usimwekee machaguo, muachie aandike mwenyewe, maneno yake ndo utakuja kuyatumia kwenye tangazo.

Kwenye yale ya kuchagua washa ile ya kuchanganya mpangilio wa majibu, kwa sababu wapo wanaobonyeza la juu tu wakamaliza.

Bei nayo ina ufundi wake. Mwaka 1976 Mholanzi Peter van Westendorp alileta njia ya maswali manne: bei gani ni ghali mpaka huwezi kununua, bei gani ni ndogo mpaka unashuku ubora, bei gani inaanza kuuma lakini bado ungefikiria, na bei gani unaona umepata mteremko. Yaweke yote manne, majibu yakija utaona watu wanavumilia kuanzia wapi mpaka wapi.

Kabla ya kusambaza linki wape watu kama watano wajaze mbele yako na we ukae kimya, mtu akikunja uso kwenye swali usimweleweshe, lirekebishe swali.

Kusambaza sasa. Ukituma kwenye grupu la ukoo utapata maoni ya ukoo, na shangazi hawezi kukuambia begi lako baya. Wafuate wabeba laptop walipo. Na wingi peke yake usikudanganye, mwaka 1936 jarida la Literary Digest kule Marekani lilituma kadi kama milioni 10 kuuliza watu watampigia nani kura ya urais, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza Landon atamshinda Roosevelt, Roosevelt akabeba majimbo 46 kati ya 48! Majina mengi waliyatoa kwenye orodha za wenye simu na magari, na enzi hizo siyo kila mtu alikuwa navyo. Ukiwachagua watu kwa bahati nasibu, yaani kila mteja ana nafasi sawa ya kuchaguliwa, watu 100 wanakupa jibu linalocheza kama asilimia 10 juu au chini, 400 kama asilimia 5. Sisi wa kusambaza linki hatuchagui kwa nasibu, so tukiona 52 kwa 48 tusishangilie, tukiona 80 kwa 20 hapo kuna kitu.

Majibu yakishaingia yafungue kwenye Google Sheets, yaani jedwali la Google, futa waliobonyeza jibu lilelile mwanzo mpaka mwisho, halafu soma yale ya kuandika moja moja, usiishie kwenye zile chati za duara za rangi ambazo Google Forms inakuchorea.

Ah, nilitaka kusahau, swali la mwisho kabisa omba baruapepe kwa anayependa tu, na useme ni ya nini. Hao ndo unawatumia picha ya begi na bei yake, uone nani anaweka oda.