Pranki ni ya washkaji, mtu baki muache apite

Asanteni, kaeni jamani. Wale wa nyuma wekeni simu kimya maana nimepewa muda mchache, na najijua nikianza hii mada huwa sikomi. Walionisikia sehemu nyingine wameshaanza kunong'onezana huyu naye kaja na Jackass yake tena. Ndio, nimekuja nayo tena, na nitaendelea kuja nayo mpaka siku nitakapofungua simu nisikutane na kijana aliyejifunika shuka jeupe usiku kumtisha mama anayetoka kuuza maandazi, afu eti ni komedi.

Jackass sitaieleza sana, ni wale washkaji wa Kimarekani wanaojirekodi wakifanyiana vituko vya kuumizana, mnaijua, na kama huijui mguse wa pembeni yako atakuonyesha klipu kabla sijameza mate. Mimi nina neno moja tu. Watu hawakai saa moja na nusu kuangalia mtu anavyoumia, wanakaa kuangalia wanaomcheka. Rudieni zile filamu muone, jamaa akishabamizwa chini kamera haikati, inageuka inawatafuta wenzie, mmoja yuko chini hapumui, mwingine kakumbatia gari, kinara wao Johnny Knoxville na kile kicheko chake cha kukwaruza, hata mpiga picha wao Lance Bangs anatapika huku anarekodi, na wenzie wanamgeuzia kamera yeye. Sasa ondoa wanaocheka wote, mbakize anayepigwa peke yake. Hiyo ni kamera ya ulinzi imenasa ajali.

Na wale hawakukutana kwenye usaili. Kundi la Bam Margera, kina Ryan Dunn, ni watoto wa West Chester kule Pennsylvania, walikuwa wanajirekodi ujinga wao kabla hata televisheni ya MTV haijawajua. Upande mwingine ni jarida la skateboard, Big Brother, mhariri wake Jeff Tremaine, na ndiko Knoxville alikoenda na wazo la kujaribu silaha za kujihami kwenye mwili wake mwenyewe, akajipulizia pilipili machoni, akajipiga shoti, akavaa fulana ya kuzuia risasi akajifyatulia. Mwenyewe! Hakumtafuta mlinzi wa getini akamjaribishie. Mwaka 2000 wakaingia MTV, 2002 wakatoa filamu ya kwanza kwa kama dola milioni 5, ikaingiza zaidi ya milioni 70, na kila mwenye kamera duniani akajua kuna hela kwenye kuanguka. Hapo ndio watu walipokosea hesabu, wakabeba kuanguka wakaacha ushkaji.

Ngoja niwape mfano wangu, wanaoujua wavumilie. Filamu ya pili, 2006. Kuna jamaa yao anaitwa Ehren McGhehey, huyu ndio kiti moto wa kundi, kila kibaya kinamkuta yeye. Wakamwambia Ehren, leo tunamwingiza mkenge dereva taksi, wewe utavaa kama gaidi, ndevu na mabomu ya uongo kiunoni, umwambie akupeleke uwanja wa ndege. Ehren kafurahi, leo zamu yake kufanya sio kufanyiwa. Akavaa, wakambandika ndevu kwa gundi, akaingia kwenye gari anaigiza kwa nguvu zote. Kumbe dereva ni Jay Chandrasekhar, muigizaji na muongozaji, yupo upande wa wenzie! Dereva akabadilika, akatoa bastola, akamshusha, akampiga vibao, akamtupia kwenye buti. Ehren analia mle ndani anasema huu ni utani tu jamani, ni filamu, na dereva hasikii. Walipomfungulia anatetemeka, anaona wenzie wote wapo pale wanagaragara. Akajua ameliwa. Akaanza kucheka na yeye, anatukana huku anacheka. Sasa wewe unadhani imeisha. Haijaisha. Wakamuuliza, hizo ndevu unajua ni za nini? Wale washkaji wote walikuwa wamejinyoa nywele za... kuna wazee hapa mbele, shikamooni... za sehemu ambazo hazioni jua. Zimekusanywa kundi zima, zimebandikwa kwenye kidevu chake na mdomoni. Ehren karibu atapike, na kila mmoja pale anajua mchango wake upo kwenye ule uso.

Namuona dada pale amekunja sura, najua unachotaka kusema, kwamba lile vazi ni la kutudhalilisha, ndevu na kanzu ndio sura ya gaidi kwa Mmarekani. Upo sahihi, mimi nimekulia Pwani na mjomba wangu ana ndevu kuliko zile, na siwatetei kwenye hilo. Ila angalia nani amelipa. Aliyebebeshwa ule ujinga na kuishia kwenye buti ni yeye aliyekubali kuuvaa, na dereva, ambaye Ehren alitegemea atamtisha, ndiye aliyebaki na bastola mkononi. Kama kweli wangemchukua dereva wa watu, mhamiaji anayehesabu hela ya mafuta, wakamtisha na mabomu, mimi leo nisingekuwa hapa naisifia.

Kwa hiyo ni zamu. Ni ule mchezo wa kina mama wa kupeana hela, mwezi huu unakula wewe, mwezi ujao anakula shoga yako, na asiyetaka kuchangia haingii. Knoxville ndiye bosi pale, jina kubwa, na ndiye aliyesimama dukani mwaka 2002 akapigwa ngumi na bondia Butterbean mpaka akazima. Alipozinduka swali lake ni Butterbean yuko salama? Bosi wako wewe angekubali? Haya.

Na sisi ndio tungekuwa wa kwanza kuelewa, maana hii kitu tunayo. Mnyamwezi anafika msibani kwa Mzaramo, anajitupa kaburini anagoma kutoka mpaka apewe hela, anamuigiza marehemu alivyokuwa anatembea, wafiwa wanalia wanacheka. Mgeni akiona atasema huyu hana adabu. Lakini mtani yuleyule ndiye anayeshika jembe, anahangaika na maji na kuni, na siku msiba ukiwa kwake na wewe utakwenda kulipiza. Hamna mtani wa upande mmoja! Sasa niambieni, yule kijana wa shuka jeupe, yule mama wa maandazi atalipiza lini? Wapi? Hata jina lake hajui. Presha ikimpanda nani anampeleka hospitali, si ameshakimbia kwenda kuedit?

Hospitali, hilo nalo mnaliruka. Steve-O, mwenzao mwingine, ambaye alisomea uchekeshaji wa sarakasi kwenye chuo cha Ringling Bros., na ambaye amejichoma, amejibana, amemeza kila kitu mbele ya kamera, mwaka 2008 alikuwa anaelekea kufa kwa unga na pombe. Waliokwenda kumchukua kumpeleka hospitali kwa nguvu ni kina Knoxville, walewale wanaomcheka. Hajarudi kwenye ulevi mpaka leo. Mnataka ushahidi gani tena? Mimi nikiangalia klipu za zamani sasa hivi, naona watu ambao wana ruhusa ya kumuumiza kwa sababu wana wajibu wa kumbeba, na nadhani mtazamaji anaihisi hiyo hata bila kuambiwa, ndio maana washkaji waliokua pamoja wakienda kuiangalia wanapigana makofi ya mgongo muda wote, wanasema huyu wewe, huyu fulani, unakumbuka siku ile ya daraja. Mtu akienda peke yake anatoka amechoka tu.

Mwingine ataniambia mwalimu, watoto wataiga. Wameshaiga. Mwaka 2001 kule Connecticut mtoto wa miaka 13 aliungua vibaya kwa kuiga kile cha Knoxville kulala juu ya jiko la kuchomea nyama, wakati Knoxville alivaa nguo ya kuzuia moto, na seneta Joe Lieberman akaiwakia MTV. Sina jibu zuri la hilo na sitajifanya ninalo. Ila hoja ya watoto isitumike kumficha mtu mzima wa miaka 28 anayeenda stendi kumkwapua bibi mkoba "kwa utani."

Na filamu yao ya Bad Grandpa je, ya 2013, si wamewafanyia watu baki barabarani? Swali zuri, nalipenda. Pale Knoxville amevaa uzee, na make-up ile ilifika mpaka kugombea Oscar, anazunguka na mtoto anafanya mambo ya aibu. Lakini mpumbavu ni nani? Ni yeye. Mpita njia anashangaa, anakasirika, mara nyingi anataka kumsaidia yule mtoto, yaani mpita njia anaonekana mtu mwema kuliko staa. Nenda kafanye hivyo hapo Kariakoo uone kama nitakusema.

Naonyeshwa saa. Nilikuwa na habari ya sheria, ya kumrekodi mtu bila ridhaa, naiacha, someni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 wenyewe. Nilikuwa na Buster Keaton, yule mchekeshaji wa filamu bubu, na ule ukuta wa nyumba uliomwangukia 1928, naiacha pia. Uzee siuachi. Jackass Forever ya 2022, Knoxville ana miaka 49 siku anasimama mbele ya fahali, akarushwa, akavunjika ubavu na kifundo cha mkono, damu ikavujia kwenye ubongo. Mvi kichwani! Ryan Dunn hayupo, alikufa kwa ajali ya gari 2011. Bam naye walimtoa wakati wa kurekodi, akawashtaki, baadae wakamalizana, na hilo mniulize kwenye maswali maana ushkaji wa miaka 20 kuingia mahakamani ni mada ya siku nzima. Ila Ehren yupo. Safari hii wamemletea Francis Ngannou, Mkameruni aliyewahi kuwa bingwa wa uzito wa juu wa UFC, yale mapigano ya ngumi na mateke, ampige ngumi kwenye nyeti akiwa na kikinga cha plastiki tu. Na Ehren kasimama, miguu kaitanua, anawaangalia wenzie kama wameshaanza kucheka.

Haya maswali, mwenye shati la kijani anza. Na wewe dogo wa kamera, nimekuona muda mrefu unakiangalia hiki kiti changu, njoo ukikalie wewe kwanza.