Kumfuga taa nyumbani: mnunulie sakafu kwanza

Asalaam aleikum watazamaji, karibuni tena hapa Tudor, Mombasa. Leo ni siku ya taa. Siyo taa hii inayoning'inia juu ya kichwa changu, ni taa huyu, samaki bapa ambaye wazee wetu walikausha mkia wake wakaufanya kiboko. Niliyenaye ni wa madoa ya buluu, wa kwenye miamba yetu wenyewe. Kwa taa, huyu ni mdogo, lakini bado hufika sentimita 35 ubavu kwa ubavu, na mkia hujauhesabu.

Tuanze na tangi. Wengi hununua la kwenda juu kwa sababu lapendeza sebuleni. Taa kimo hana kazi nacho, maisha yake yako chini. Langu lina urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.2, na maji nayaachia nusu mita tu. Piga hesabu: lita 1,440, yaani mitungi 72 ile ya lita 20, uzito karibu tani moja na nusu. Kama wakaa ghorofani, muulize fundi kabla hujaniuliza mimi.

Chini weka mchanga laini, kina cha sentimita sita hivi. Usugue ndani ya kifundo cha mkono wako: ukikukwaruza, utamkwaruza tumbo. Changarawe na vipande vya matumbawe, hapana.

Maji chota upande wa bahari kuu, wakati yamejaa. Si hapa kwenye mkono wa bahari wa Tudor, ambako maji taka ya mji huingia. Kisha washa filta na usubiri wiki nne hadi sita, bakteria wazuri wapate makao. Pima amonia na nitriti, sumu zitokazo kwenye uchafu wa samaki, mpaka zote zisome sifuri. Taa ni mlaji sana, na mlaji huchafua.

Sasa sikiliza hapa. Video za Ulaya zitakwambia ununue hita. Mombasa! Februari, kaskazi ikivuma, chumba hiki hufika nyuzi 31, na taa ataka 24 hadi 27. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, basi samaki ahema bure. Mimi nimefunika tangi kwa wavu badala ya kioo, na feni mwaiona, yapiga juu ya maji usiku na mchana. Lakini feni ikipoza, maji hupungua na chumvi hubaki. Kwa hivyo nimebandika utepe hapa kwenye kioo. Maji yakishuka chini ya utepe, naongeza maji matamu, siyo ya bahari. Kipimo kisome gramu 35 za chumvi kwa lita. Na weka pampu ndogo ya hewa yenye betri, maana stima ikipotea saa nane za usiku hakuna wa kukuamsha.

Kununua. Nenda kwa mwenye leseni ya samaki wa mapambo, wala usitoe kitu ndani ya hifadhi ya bahari. Taa wangu wa kwanza muuzaji aliniapia kwamba huyu ala chochote. Siku tisa hakugusa kitu, ya kumi nikamkuta amekufa. Siku hizi namwambia muuzaji amlishe mbele ya macho yangu. Tazama pia mgongo, pale shina la mkia linapoanza: pakibonyea na mifupa kuchomoza, mwache. Mifupa nasema kwa mazoea tu, taa hana mifupa, ana gegedu.

Chakula ni kamba, ngisi na dagaa. Shika kipande kwa koleo refu, kiweke mchangani, utulie. Macho yako juu na mdomo uko chini, hivyo anachokila hakioni, hukisikia kwa harufu na kwa umeme mdogo utokao kwenye mwili wa windo. Haya, anakuja... mwaona? Amemfunika kamba kama leso iliyoanguka. Mchanga umefuka kidogo, kwisha.

Dawa za samaki zenye shaba usizitie kabisa, zitamuua.

Mwiba wake uko huku karibu na ncha ya mkia, na una sumu. Usimshike kwa wavu, mwiba utanasa. Msogeze aingie kwenye beseni. Akikuchoma, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nyuzi 45 hivi, kwa nusu saa au zaidi, kisha hospitali. Mwiba ukiwa umezama kifuani, tumboni au shingoni, usiuchomoe, kimbia moja kwa moja.

Siku ya kumleta, dondoshea maji ya tangi kwenye beseni lake kidogo kidogo kwa saa moja au mbili, halafu inamisha beseni aingie mwenyewe. Huyoo... ameshajifukia, yamebaki macho mawili na vitundu vya kuvutia maji nyuma yake. Usiku wa kwanza asisumbuliwe. Zimeni taa. Ile ya umeme.