Njoo Upalilie Hiyo Kumbukumbu

Mazungumzo na wastaafu na vijana, Moshi

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Aika mbe, aika mae, yaani asanteni, kwa kuacha kazi za shamba mkaja kunisikiliza.

Nimeombwa niseme juu ya teknolojia na familia. Niseme mapema kwamba simu siichukii. Mtu aliyewahi kupanga foleni mjini hapa nusu siku akisubiri simu ya kutoka Dar, ikaingia, akasikia "haloo, haloo" kisha kimya, huyo hawezi kuichukia simu ya mkononi. Ninacholalamikia ni kidogo, ila kinanikera. Simu imetupa mdomo nyumbani, na miguu yetu imebaki Dar.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nimekaa Dar miaka mingi kikazi. Baba alituachia kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, kule Kibosho, na dada yangu ndiye aliyebaki na mama. Siku moja akaandika kwenye kundi la ukoo kwamba anataka kung'oa mibuni apande parachichi, na sehemu iwe majani ya ng'ombe. Mimi usiku ule nimekaa Tabata, feni inanipepea, nikaandika aya nne. Nikaeleza kwamba kahawa ndiyo iliyotusomesha. Nikaeleza kwamba wakulima wa huku walianza chama chao 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ikazaliwa 1933, hivyo kung'oa mbuni ni kung'oa historia. Nikamalizia na kumbukumbu ya marehemu baba. Nawaambieni, niliandika vizuri. Binamu wakaweka vidole gumba. Mmoja aliye Ujerumani akaweka nyuso tatu zinazolia.

Dada akajibu kwa sauti, sekunde chache tu. Nyuma yake unasikia panga linakata mgomba. Akasema: "Kaka, njoo upalilie hiyo kumbukumbu."

Naona mama mmoja pale mbele anacheka. Anajua. Mbuni unapogolewa. Unapigwa dawa ya ugonjwa wa chulebuni, na nyingine ya kutu ya majani. Buni inachumwa moja moja, iliyoiva tu, kisha inamenywa, inavundikwa, inaoshwa, inaanikwa, na mvua ikinyesha unakimbia kuifunika. Halafu ndiyo usubiri bei. Katika kazi yote hiyo mchango wangu ulikuwa aya nne.

Tuling'oa nusu. Hiyo nusu iliyobaki, tangu nistaafu, ni ya kwangu, naipalilia mwenyewe. Mgongo wangu sasa una maoni tofauti kabisa na yale ya Tabata.

Sasa siasa. Msiogope, sitataja ya juzi. Vyama vingi vilirudi 1992, na uchaguzi wa 1995 mmoja wa wagombea urais alikuwa mwana wa huku kwetu Vunjo, Augustino Mrema, kupitia chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi. Waliokuwepo wanakumbuka joto lake. Kwetu nyumba iligawanyika. Baba alikuwa CCM hasa, kadi yake aliifunga kwenye nailoni isilowe. Baba mdogo yeye alikuwa mageuzi tangu anapoamka. Walibishana chini ya migomba mpaka sauti zikakauka.

Lakini mbege, pombe yetu ya ndizi, hainywewi hivi kila mtu na chupa yake. Kata ya kunywea inazunguka. Ukishamwita mwenzako msaliti, na kata iko mkononi mwake, kiu inakufundisha adabu upesi sana. Na asubuhi kuna zamu ya maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia. Ukingo ukibomoka kwa juu, CCM na mageuzi wote wanapanda na majembe, maana maji hayaulizi kadi. Hawakukubaliana hata siku moja, na wakazikana. Yaani baba mdogo ndiye aliyesimamia kaburi la baba.

Siku hizi kijana wetu anabishana na mjomba wake kwenye kundi, na mjomba anabonyeza mara moja. Tunasoma: "ametoka." Ametoka wapi? Ukoo una mlango? Akifiwa, tutamrudisha kwa kumbonyeza?

Na misiba nayo, hapo nisipite haraka sana. M-Pesa iliingia kwetu 2008, na rambirambi inayofika usiku uleule imewafaa wafiwa wengi, siwezi kuidharau. Ila kwa sisi tunaozikana kihambani, kuna kipande cha kazi ambacho hakitumwi. Vijana wa kuchimba wanapungua, na wanaotuma "poleni sana wanafamilia" wanaongezeka. Nimeshuhudia kaburi likichimbwa na wazee wa miaka 60 huku simu mifukoni mwao zinalia pole.

Sasa mtadhani nawaambia turudi kwenye vikao vya zamani. Hapana. Mimi nilikuwa kwenye vikao hivyo. Wanaume tulikuwa tumekaa, shangazi zetu wanaleta nyama, na ardhi yao inajadiliwa juu ya vichwa vyao wakiwa wameshika sinia. Mtoto wa kiume wa mwisho atarithi nyumba ya wazazi, basi, kikao kimefungwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji imetungwa 1999 na inasema wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanaume. Miaka ikapita, sheria haikupanda mlima kufika kwetu. Unajua ilifika lini? Siku shangazi yangu alipofunguliwa WhatsApp na mjukuu wake. Akatuma sauti ya dakika saba, kwa Kichagga tupu, hakuna wa kumkatiza wala wa kumtuma akaangalie chungu. Aliyajua mambo ya mipaka ile kuliko sisi wote, sale lipi, ule mmea wa mpakani, lilipandwa na nani. Kikaoni asingepewa hata dakika moja. Kwa hiyo ninaposema mdomo bila miguu, naomba mnielewe: shangazi alikuwa na miguu ya miaka yote kwenye ardhi ile, simu ilimpa mdomo tu. Mimi nilikuwa kinyume chake.

Nimalizie na hilo la sale, kisha maswali.

Mdogo wangu alimjibu vibaya baba mdogo kwenye kundi. Ugomvi wenyewe ulikuwa michango ya harusi, sirudii maneno. Watu wakamsema, akatambua kosa. Vijana wanaotoka mbali na hapa wajue kwamba kwa Mchagga ukimkosea mtu sana unamwendea na jani la sale, na jani likishatolewa ni vigumu mno kukataa kusamehe. Mdogo wangu akafanyaje? Akatafuta picha ya sale mtandaoni, akaituma. Jani zuri, la kijani kweli, limepigwa picha bustani ya watu huko sijui wapi.

Kimya siku mbili. Siku ya tatu baba mdogo naye akatuma picha. Kigoda, kitupu, chini ya mgomba wake. Hakuandika neno.

Ukoo mzima ukaelewa. Hata wa Ujerumani.

Desemba mdogo wangu akapanda treni. Mnajua ile ya abiria ilirudi Moshi 2019 baada ya miaka mingi ya reli kulala, na yeye anaipenda kwa sababu, anasema, mtu unafika ukiwa umeshajifikiria. Akapanda mlimani na sale halisi, amelichuma mpakani mwa kihamba chetu wenyewe, amelishika kwa mikono miwili. Akamkuta baba mdogo ameketi juu ya kigoda kilekile, miwani puani, anasoma kundi la ukoo.

Mzee hakuinua macho. Akasema, "Subiri kidogo, mbe, namjibu mtu."