Zamu ya Usiku na Daftari la Safu Tatu

BARAKA: Karibuni tena, wapendwa. Mimi ni Baraka, niko na dada yangu Rehema, tunazungumza kutoka Baltimore. Dada ametoka zamu ya usiku ya kutunza wazee, amelala masaa matatu tu. Pole sana, dada.

REHEMA: Nimeshapoa, kaka. Jambo la leo nina hamu nalo.

BARAKA: Basi tuingie. Wewe una kazi, una watoto, na unasoma sayansi ya tabia kwa shahada ya masomo mseto. Wapo wanaosema hiyo ni shahada ya waliokosa pa kwenda.

REHEMA: Inaniuma nikisikia hivyo. Hapa Marekani shahada hizi za watu wazima zina historia. Chuo Kikuu cha Oklahoma kilianza yake mwaka 1961, kwa watu ambao tayari wana kazi na familia. Shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, yaani vipimo vya masomo uliyofaulu. Hufungwi kwenye idara moja, unachagua eneo la kukazia. Mimi nimekazia tabia za watu: saikolojia, sosholojia, na anthropolojia kidogo.

BARAKA: Kozi moja krediti 3, maana yake kozi 40. Mtu wa zamu ya usiku atamaliza lini?

REHEMA: Ndiyo maana usikubali kuanza sifuri. Mimi nilikuja na diploma ya ualimu, nikapeleka matokeo yatathminiwe. Halafu ipo mitihani ya CLEP, ya kupata krediti kwa unachokijua tayari bila kukaa kwenye kozi. Wa utangulizi wa saikolojia ni dakika 90, ukifaulu vyuo vingi vinakupa krediti 3. Ila ulizia kabla hujalipa. Chuo changu cha kwanza kiliniahidi kwa mdomo, nilipojiunga wakazikataa krediti 9. Nililia, kaka. Nilipohamia kingine nikasema: naomba barua.

BARAKA: Na ada?

REHEMA: Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali ya Marekani. Ukiwa na green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, au ukiwa mkimbizi, unaruhusiwa kuomba msaada wa Pell, ule wa serikali kwa wenye kipato kidogo, na haurudishwi. Na ukishafikisha miaka 24 hawaangalii tena kipato cha wazazi.

BARAKA: Sasa nipeleke kazini kwako. Darasa limekusaidia nini?

REHEMA: Kuna mzee ninayemtunza, kumbukumbu zimeanza kumtoka. Kila akitakiwa kuoga ni vita. Anapiga, anatukana. Kwenye kumbukumbu za zamu wameandika neno moja: mkorofi. Wiki hiyo tulikuwa tumefundishwa kuitazama tabia kwa vipande vitatu: kilichotangulia, alichofanya mtu, na kilichofuata. Nikachukua daftari dogo la mwanangu, nikachora safu tatu. Siku 12 nikaandika. Ilikuwa saa ngapi, nani alikuwepo, tulianzaje.

BARAKA: Ukaona nini?

REHEMA: Nilidhani anachukia maji. Kumbe kila mara ugomvi ulianza kabla maji hayajafunguliwa! Ulianza tukimvua shati, mlango uko wazi, watu wanapita koridoni. Na safu ya tatu ndiyo iliyonichoma: akipiga kelele, tunamwacha. Yaani sisi wenyewe tulikuwa tunamfundisha kwamba kelele ndiyo inayomwokoa.

BARAKA: Alikuwa anaona haya.

REHEMA: Haya, kaka. Bibi yangu angelijua bila darasa, maana kwetu mtu mzima husitiriwa. Lakini bila zile safu, kauli yangu ingebaki kuwa ya mfanyakazi wa usiku. Nilimwekea nesi msimamizi daftari mezani, akasoma ukurasa kwa ukurasa. Tukaanza kufunga mlango, kumfunika taulo kubwa lenye joto, na kumvua akiwa ndani yake. Siku ya kwanza bado alitukana. Siku ya nne aliniuliza sabuni iko wapi.

BARAKA: Na neno mkorofi?

REHEMA: Siku hizi wanaandika: funga mlango kwanza.

BARAKA: Nina swali linalonisumbua. Vitabu vyenu hivyo vinatuhusu sisi kweli?

REHEMA: Si vyote, na walimu wazuri wanakiri. Mtafiti Henrich na wenzake walichapisha makala mwaka 2010 wakinukuu uchambuzi wa mwenzao Arnett, kwamba asilimia 96 ya waliochunguzwa katika tafiti za majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu duniani. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Halafu vitabuni nikakutana na mwanasaikolojia Mary Ainsworth. Kabla hajaja hapa hapa Baltimore, kufundisha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alikuwa Uganda. Mwaka 1954 na 1955 alikuwa akizitembelea familia 26 karibu na Kampala, akitazama mtoto anavyomng'ang'ania mama yake, analia lini, anatulizwa na nani. Elimu ya malezi inayofundishwa dunia nzima ina deni kwa akina mama wale wa Buganda. Mwalimu aligusia Uganda kwa sentensi moja. Mimi nikaandikia insha nzima.

BARAKA: Hiyo insha uniletee. Tahadhari yoyote kwa anayetaka kuanza?

REHEMA: Moja kubwa. Shahada hii haikupi leseni. Ukitaka kuwa mshauri nasaha mwenye leseni, jiandae kwa shahada ya uzamili. Mwanasaikolojia, katika majimbo mengi, ni uzamivu. Na hakikisha chuo kina ithibati inayotambuliwa na Wizara ya Elimu, maana wapo wanaouza vyeti.

BARAKA: Umebakiwa na nini muhula huu?

REHEMA: Takwimu. Mtihani ni Jumamosi asubuhi, nikitoka zamu tu.

BARAKA: Watoto atakaa nao nani?

REHEMA: Mama wa ghorofa ya pili. Mwezi ujao nitakaa na wa kwake, naye ana miadi na ofisi ya udahili.