Viluwiluwi ukutani: simu moja, projekta moja, darasa zima

Mwangaluka walimu wenzangu, karibuni tena. Leo Jumamosi nipo darasani kwangu hapa Kitangiri, Mwanza. Watoto hawapo, na Madam wa darasa la pili ndiye ameshika kamera. Madam, hebu wapitishie dirishani kidogo. Mnayaona yale mawe, na ziwa kule chini? Haya, turudi ndani, kazi iko huku.

Leo tunamchukua kiluwiluwi wa mbu, mdudu asiyefika hata sentimita moja, tunamweka ukutani awe mkubwa kuliko mkono wa mtoto, darasa zima limwone akiwa hai. Intaneti hatuhitaji wala hadubini hatuna.

Kwa nini nahangaika hivi? Nina watoto 84 wa darasa la nne. Miaka yote nilikuwa nachora ubaoni yai, lava (ndiye huyu kiluwiluwi), pupa, mbu. Wananakili, tunasahihisha, kwenye mtihani wanapata. Siku moja nikamtembelea mtoto aliyekuwa anaumwa malaria. Nyumbani kwao pipa la maji halikuwa na mfuniko, na ndani yake viluwiluwi walikuwa wanacheza. Nikamuuliza, hawa ni nini? Akaniambia, "Ni wadudu wa maji, mwalimu." Na daftari lake lina ule mchoro, na tiki yangu nyekundu iko pale pale. Sikulala vizuri siku ile. Tangu hapo somo la mbu nalifundisha hivi.

Vifaa. Projekta, hii yangu ni ndogo ya LED, tulichangishana walimu watano. Ukienda kununua, usiangalie ile namba kubwa ya lumeni, kipimo cha mwanga, kwenye boksi, muulize muuzaji lumeni za ANSI, zile zilizopimwa kwa utaratibu rasmi, ni ngapi. Akikosa jibu, mwambie aiwashe pale pale dukani, taa zikiwa zinawaka, ujionee kwa macho yako. Halafu waya wa HDMI na adapta ya simu. Hapa wengi wamepoteza hela: si kila simu yenye tundu la Type-C inatoa picha kwa waya, hata adapta iwe nzima. Nenda na simu yako, ichomeke, picha ikitoka ndipo ulipe. Kama haitoi, tutarusha skrini kwa Wi-Fi, nitaonesha.

Vingine ni vya nyumbani: kikopo cha plastiki angavu chenye pande bapa, karatasi nyeupe, tochi, vitabu vya kuegemezea simu, karatasi ya manila, kalamu ya maka.

Viluwiluwi. Tafadhali, msiende kuchota ukingoni mwa ziwa kwa mikono wala kuingiza miguu, na msiwatume watoto. Kichocho kipo. Vimelea wanatoka kwenye konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi, huwahisi. Hatuna haja ya ziwa kabisa. Nenda kwenye tairi kuukuu, ndoo iliyosahaulika au mtaro wenye maji machafu, hapo unaweza kumpata kuleksi, aina moja ya mbu. Mvua ikinyesha, angalia maji safi yaliyotuama juani, hasa kwenye nyayo za ng'ombe, hapo unaweza kumpata anofelesi, mama wa malaria, yaani mbu anayeieneza. Tumia upawa, na kivuli chako kisitangulie. Wakiona kivuli wanazama.

Mimi nimepata wote wawili. Kopo hili la mtaroni, kopo hili la nyayo za ng'ombe. Msichanganye.

Giza. Funga madirisha ya upande wa jua. Nilijaribu turubai la bluu, kila kitu kikawa cha bluu, viluwiluwi wakaonekana kama wagonjwa. Sasa natumia maboksi ya friji yaliyokunjuliwa. Projekta hii hapa, mita mbili na nusu kutoka ukutani, juu ya meza isiyotikisika, matundu ya hewa yasizibwe na daftari. Fokasi ya projekta unazungusha hapa mpaka maandishi yakae. Rahisi.

Sasa simu. Madam, sogea karibu, hapa nataka waone vidole vyangu.

Kabla hujagusa waya, weka simu kwenye hali ya ndegeni. Kabla. Ndege kwanza, waya baadaye. Shusha hapa juu, bonyeza alama ya ndege, hakikisha imewaka. Halafu washa na ile ya Usinisumbue. Halafu angalia alamu zako, maana ndegeni haizuii alamu kulia.

Nawaambia kilichonikuta. Mwaka jana nilichomeka waya nikiwa na haraka, kengele imeshagongwa. Picha ikakaa vizuri, watoto wakatulia. Mara ujumbe ukashuka juu ya skrini. Walikuwa watu wa mikopo ya kwenye simu wananidai, jina langu lote lipo, na kiasi. Sasa hawa ni watoto niliowafundisha mwenyewe kwamba kinachoandikwa mbele yao kinasomwa. Wakausoma. Kwa pamoja, kwa sauti, mpaka nukta ya mwisho. Nikachomoa waya, nikatoka nje, nikasimama kwenye ngazi. Hakuna mtoto aliyecheka. Niliporudi, kijana wa dawati la mbele alikuwa ameshafuta ubao bila kuambiwa. Deni lile nimelimaliza, lakini ile sauti ya watoto 84 bado ninayo masikioni.

Kwa hiyo ndege kwanza. Na kama unarusha skrini bila waya, weka ndegeni, halafu washa Wi-Fi peke yake. Itawaka na ndege itabaki palepale. Simu na projekta zitaonana zenyewe bila bando. Kama unacho kile kishikwambi cha Sensa ya 2022 walichopewa walimu, na hukuweka laini wala akaunti zako binafsi, hapo umejiepusha na balaa hili kabisa. Kamera ya changu haishiki vitu vya karibu, ndiyo maana natumia simu.

Umeangalia ndege? Haya, chomeka waya.

Picha hiyo ukutani. Usifungue galari, fungua kamera moja kwa moja. Kopo liwe hapa, karatasi nyeupe nyuma yake, tochi nyuma ya karatasi, hivi mwanga unakuja laini. Simu isimame pembeni ya kopo, sio juu. Ukipiga kutoka juu utaona migongo tu, na hapa tunataka kuona anavyoning'inia. Umbali kama upana wa kiganja. Sasa fokasi ya kamera inahangaika, inakwenda mbele inarudi nyuma, watoto watapata kizunguzungu. Bonyeza juu ya kiluwiluwi na ushikilie, usiachie, mpaka alama ya kufuli itokee. Imetokea? Hiyo. Sasa zumu mara mbili.

Oo. Mmemwona? Madam, acha kamera ukutani, usiisogeze. Huyu ni wa mtaroni. Kichwa chini, mkia juu, ameinama kama mtu anayeangalia kitu chini ya kitanda. Ule mrija mkiani ndio pua yake, ameutoboza juu ya maji anavuta hewa. Angalia mdomoni, zile brashi mbili zinafagia chakula. Nimemwona mara nyingi sana na bado nikimwona hivi nasahau ninachotaka kusema.

Aa, wamezama. Nimegonga meza kwa goti. Hamna neno, subirini… Mtetemo kama huu unawashtua. Mmoja anarudi. Sekunde ngapi? Sikuhesabu. Watoto huwa wanahesabu, kwa sauti, na hiyo ndiyo sehemu wanayoipenda kuliko zote: mmoja anagonga dawati, wote wanazama, darasa linahesabu mpaka wa kwanza apande.

Na umeme ndio huo umekatika.

Sawa. Kitu cha kwanza, chomoa projekta kwenye soketi. Umeme ukirudi kwa nguvu usiikute imechomekwa. Madam, usizime kamera, tuwaoneshe na hii, kwa sababu darasani itawatokea. Chukua simu mkononi, kopo dirishani, watoto waje kwa safu ya dawati. Wanakuwa wengi na wanasukumana, lakini somo halifi.

Haya, umerudi, dakika kumi na mbili. Nimesubiri kidogo taa itulie, nimechomeka. Simu bado iko ndegeni? Iko. Niliiangalia tena, na wewe iangalie tena, kila unapounganisha upya.

Sasa kopo la pili, la nyayo za ng'ombe. Fokasi, shikilia, kufuli. Mnaona tofauti? Huyu halali kichwa chini. Amelala bapa chini ya uso wa maji kama mtumbwi uliotia nanga, hana ule mrija mrefu. Huyu ndiye anofelesi. Na yule mviringo hapo pembeni kama alama ya mkato ni pupa. Hali chochote tena, anasubiri kuwa mbu.

Walimu, hapa ndipo nawaomba mnyamaze. Usiseme yule ni nani, huyu ni nani. Weka kopo la kwanza, dakika mbili kimya. Weka la pili, dakika mbili kimya. Halafu uliza, kuna tofauti gani? Wataiona wenyewe. Mwalimu anayeongea muda wote mbele ya picha nzuri anawanyang'anya watoto macho yao. Mimi hata video za mbu nilizopakua nimeacha kuzionesha kwanza. Mdudu hai kwanza, video baadaye kama muda upo.

Kisha uliza, kwa nini wanapanda juu kila wakati? Wakisema kupumua, waulize, tukiwazibia? Dondosha matone mawili ya mafuta ya kula kwenye kopo la kwanza, hivi. Yanatandaa. Wanapanda, wanajaribu, mrija haushiki hewa. Itachukua muda, endelea na somo huku kopo likiwa ukutani, watoto hawataondoa macho. Lakini sema wazi, na urudie, kwamba mafuta hayawekwi kwenye maji ya kunywa wala ya kupikia. Pipa la nyumbani linafunikwa, basi, na likiisha maji linasuguliwa kuta zake kabla ya kujazwa.

Mchoro. Piga picha moja kiluwiluwi akiwa ametulia, ifungue picha hiyo hiyo kwa kugusa kile kiduara cha pembeni ya kamera, usiperuzi nyingine. Bandika manila ukutani pale picha inapoangukia. Mtoto anakuja na kalamu ya maka, anasimama pembeni ili kivuli chake kisifunike, anafuata mistari ya mwanga. Mmoja kichwa, mwingine kifua, mwingine mrija. Ukizima projekta mchoro unabaki. Ule pale, Madam waoneshe, wa darasa la mwaka jana. Brashi za mdomoni alizichora binti ambaye tangu Januari alikuwa hajawahi kunyoosha mkono. Alichora unywele mmoja mmoja, ulimi nje, wenzake wakamsubiri mpaka amalize.

Kufunga. Zima projekta kwa kitufe, subiri feni inyamaze ndipo uchomoe. Waya utoke kwanza, ndege itoke baadaye, usigeuze. Maji ya makopo usimwage mtaroni, utakuwa umewarudisha kwao. Mwaga kwenye udongo mkavu wenye jua, kama pale nje chini ya mwembe. Kopo osha kwa sabuni.

Watoto wangu nawapa kazi moja ya nyumbani: kafungue kila chombo chenye maji, hesabu waliomo, njoo uniambie ulifanya nini. Siandiki ubaoni, wananijibu mmoja mmoja mlangoni asubuhi.

Kama adapta inakusumbua, andika hapo chini aina ya simu yako na kinachotokea ukichomeka, nitajibu jioni nikitoka sokoni. Madam, ngoja, usizime bado, nimemwona mmoja anatoka kwenye ganda la pupa. Lete kamera hapa. Taratibu, usigonge meza.