Waya Juu ya Mnazi: Redio ya Ridhaa Kisiwani Mafia

Walimu wenzangu, wazazi, vijana wa shule, asalaam aleikum na habari za jioni.

Nilipopangiwa kufundisha Mafia nilivuka kutoka bandari ya Nyamisati na begi la nguo, betri ya gari na redio ndogo niliyoizungushia shuka. Abiria wenzangu walidhani ni ya kusikilizia taarifa ya habari. Redio ya ridhaa ni kitu kingine: unasikia, na unajibu. Leseni hutolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na jina la kituo chako hewani huanza na 5H, ili anayekusikia huko Japani ajue kuna mtu Tanzania.

Kazi kubwa ni antena. Kwa masafa ya 7 MHz nilihitaji waya wa mita 20 hivi, nusu ya urefu wa wimbi, na uning'inie juu. Mafia mlingoti wa nini, na minazi ipo? Nikamwomba mzee mmoja, mkwezi. Alipanda ameuma kamba kwa meno, na alipofika kwenye makuti akaniita: "Mwalimu, waya huu unavua nini?"

"Sauti, mzee."

Akafunga fundo la wavuvi. Kusi lilivuma, likapita, na fundo lile halikulegea.

Mchana masafa hayo hayaendi mbali, kwa sababu jua likiwa juu, tabaka la chini la anga la umeme, ile hewa ya juu sana inayochajiwa na jua, hunyonya mawimbi. Jua likizama tabaka hilo hufifia, mawimbi yakapanda hadi tabaka la juu, kilomita 300 hivi, yakarudishwa chini ng'ambo ya bahari. Maji ya chumvi nayo husaidia, maana hupitisha umeme vizuri kuliko mchanga mkavu. Ukisimamisha waya wima ufukweni, mawimbi huondoka karibu sana na upeo wa macho na kufika mbali. Ndipo nikalazimika kujifunza bamvua, yaani maji makubwa, na maji mafu, yaani maji madogo, kama mvuvi. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Waya uliousimamisha ukingoni mwa maji asubuhi, mchana uko peke yake katikati ya mchanga.

Vijana, nimekuja kuwaambieni hili: msijifungie ndani na redio. Magharibi, saa ambayo masafa hufunguka, ndiyo saa popo wakubwa wa kisiwa cha Chole wanapoiacha miti yao. Oktoba hadi Machi, papa potwe huja kula mbele ya Kilindoni. Tokeni mkaone.

Jioni moja nilikuwa kisiwa cha Juani, waya nimeufunga kwenye mwanzi wa kuvulia, naita. Akajibu mtu wa Saiprasi, sauti safi. Hatujamaliza hata salamu, mchanga ukaanza kudidimia hatua tatu kutoka nilipoketi. Kiota cha kasa, mayai yaliyokaa humo karibu miezi miwili. Watoto wa kasa hufuata mwanga, nao mwanga wao ni upeo wa bahari. Taa ya mtu huwapoteza. Nikazima tochi, nikaifunika redio kwa kofia mpaka kile kitaa chake cha kijani kisionekane. Wakatoka mmoja mmoja, kisha wengi, wakapita kando ya mguu wangu kuelekea majini. Chini ya kofia yule bwana alikuwa akiita: 5H, 5H, unanisikia?

Nilipomjibu, wa mwisho alikuwa ameshaingia majini.